Kikopo cha Makohozi ya Wifi

Hii habari nimeifunika mwaka mzima, na hata sasa nikiianza masikio yanapata moto, ila walimu wenzangu wameshaisikia nusu nusu na kila mmoja anaisimulia anavyotaka, kwa hiyo bora niitoe mwenyewe, tena yote. Mie, mwalimu wa darasa la kwanza, mtu mzima mwenye watoto wawili, niliomba makohozi ya mtu mwingine nikayapeleka kupimwa kwa jina langu.

Nilianza kukohoa shule zilipofunguliwa. Wiki ya kwanza nikasema vumbi (Madale walikuwa wanachonga barabara yetu, nguo ukianua zina rangi ya matofali), wiki ya pili nikasema chaki, wiki ya tatu mwalimu mkuu akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba wazazi wameanza kuuliza, niende nikapime kifua nilete karatasi, na mpaka karatasi ije nisiingie darasani. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi unaofuata. Hakuutaja, ila mie nilimwelewa.

Kituo cha afya nikapewa kikopo chenye kifuniko. Nesi, mama mmoja wa makamo, akanielekeza vizuri kabisa: asubuhi kabla ya kula nisukutue kwa maji, nisimame nje kwenye hewa, nivute pumzi mpaka chini, nikohoe kutoka kifuani, hataki mate. Nikaitikia kama wanafunzi wangu wanavyoniitikia.

Asubuhi nikasimama uani na kikopo changu, nikakohoa, yakatoka mate tu. Na hapa niseme ukweli, sikujaribu sana. Niliogopa. Babu yangu mzaa mama alikufa kwa kifua kikuu nikiwa mdogo, tulikatazwa kumsogelea, hata kikombe chake cha bati tulikatazwa kukigusa, na nilipokitazama kile kikopo nilimwona yeye, amebaki mifupa. Nikawaza kazi, nikawaza wanangu wakikatazwa kucheza na wenzao. Ndipo macho yangu yakamwangukia Atu.

Atu ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuja kwetu kutoka Mbeya kujifungua kwa sababu mumewe ni dereva wa malori, haonekani nyumbani, na mtoto wao Lusajo alikuwa na miezi saba. Atu ni mnene, ana mashavu, anakula ugali wa watu wawili na akicheka jirani anauliza kuna nini. Asubuhi ile alikuwa nje anakaanga vitumbua, mtoto mgongoni. Nikajiambia kama nyumba hii ina kifua kisafi basi ni hiki hapa. Nikamwambia koo langu limekauka, karatasi naitaka haraka, anisaidie.

"Wifi, hata makohozi siku hizi yanaazimwa?" akasema huku anacheka, akakichukua kikopo, akageukia ukutani, akakohoa, akanirudishia.

Yalikuwa mazito, ya kutosha, na mie mjinga niliyesomeshwa nikafurahi kwamba nesi hatalalamika. Sikujiuliza mtu mwenye afya yake anayatoa wapi. Atu alikuwa anakohoa kila asubuhi, tulimsikia sote, tukasema ni moshi wa kuni. Macho ya nyumba nzima yalikuwa kwangu.

Siku ya tatu nikaenda kuchukua majibu, nimependeza, mpaka lipstiki nimepaka. Pale watu wa kifua hukalishwa nje, kwenye mabenchi chini ya turubai, kwa ajili ya hewa, na siku hiyo walikuwa kama kumi na tano, mmoja wao (nina bahati gani mie) mama wa mwanafunzi wangu. Nesi akanivuta pembeni, akashusha sauti, akaniambia vimelea vya kifua kikuu vimeonekana, nisiogope, kinapona, dawa ni bure na nitaanza leo leo.

Nikasema, nadhani mpaka getini walinisikia, "Hayo siyo makohozi yangu."

Nesi akanihurumia. Akasema wengi husema hivyo siku ya kwanza, akanikalisha, akaniletea maji, na kadiri nilivyokana ndivyo alivyozidi kunibembeleza, mpaka mzee mmoja wa benchi la mbele akageuka kunipa moyo kwamba hata yeye alikataa hivyo hivyo, na sasa yuko mwezi wa nne wa dawa na suruali zimeanza kumbana. Dada mmoja akafumba macho akaanza kuniombea.

Katikati ya maombi hayo nikakumbuka leo ni siku gani. Atu alikuwa anasafiri. Alishaondoka nyumbani na mtoto, yuko stendi ya Mbezi, anapanda basi kwenda Mbeya kumwonyesha mama yake mjukuu. Siku nzima ndani ya basi madirisha yamefungwa, halafu kwa mama mkwe wangu ambaye ana sukari, na Lusajo yuko kifuani pake muda wote. Na ningeweza kunyamaza. Hili sikumwambia mtu: kwa kitambo nilifikiria nipokee tu zile dawa, maneno ya kumwambia Atu nitayatafuta akirudi.

Nikasimama.

"Mama, ni ya wifi yangu. Nilimwomba akohoe badala yangu kwa sababu yeye ni mnene. Sasa hivi yuko stendi na mtoto wa miezi saba."

Yule dada akaacha maombi njiani. Nesi akanitazama, huruma yote imemtoka usoni, akasema, "Mpigie. Hapa hapa."

Sasa simu yangu (hii ndiyo ilinimaliza) ilishakufa spika ya sikioni, naongelea sauti ya nje tu. Atu akapokea kwa furaha, akaniambia ameshakaa, amepata siti ya dirishani. Nikamwambia ashuke. Akauliza kwa nini. Nikamweleza, benchi zima linasikiliza, siri yangu na yake kwa pamoja. Akauliza, "Na Lusajo?"

Nesi akaninyang'anya simu. Akamwambia ashuke, ajifunike mdomo na mtandio, achukue bajaji aje moja kwa moja, mtoto atapimwa na kupewa dawa ya kumkinga, na asiache kumnyonyesha. Kisha akanipa kikopo kipya, akanipeleka nyuma ya jengo, akasimama amefunga mikono mpaka nilipokohoa kweli.

Atu alipofika nilishindwa kumtazama. Nilitaka anitukane. Akakaa karibu yangu, akamweka mtoto vizuri, akasema taratibu, "Wifi, ungeniambia tu unaogopa. Tungekuja wote na vikopo viwili."

Nililia pale mbele ya watu, lipstiki ikaishia kwenye kanga.

Yangu yalitoka safi, vumbi tu. Lusajo hakuwa na ugonjwa, akapewa dawa ya kinga, na Atu alimeza zake miezi sita bila kukosa siku, akapona. Mume wangu alitaka kumtengea sahani, nesi akamwambia afungue madirisha, ugonjwa unapita hewani, haupiti kwenye sahani, nami nikakikumbuka kile kikombe cha babu nikaona uchungu. Mkataba niliongezewa, ila shuleni naitwa Mwalimu Kikopo.

Atu husema bila udanganyifu wangu asingejulikana. Ni kweli, na ndiyo inayoniuma: ningekuwa mwaminifu ningerudi na karatasi yangu safi, tukashangilia, naye anakohoa pale pale mbele yetu. Kwa hiyo nimeapa, mtu akikohoa kwangu simtazami mashavu tena. Nahesabu wiki, zikifika mbili naenda naye, kila mtu na kikopo chake.