Meza ya Kusimamia

Mgongo wangu ulianza kuniudhi baada ya ofisi kututuma nyumbani na kusahau kutuita tena. Kazi yangu ni kusikiliza mikutano ya watu wa ng'ambo na kuandika kila wanachosema, hata kikohozi kama mteja anakitaka. Niliifanya nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, katika nyumba yangu ya kupanga huku Donholm, ghorofa ya tatu, mpaka siku moja nikainama kuokota kifuniko cha kalamu nikashindwa kurudi juu. Nilitembea hadi kliniki nikiwa nimepinda vilevile. Watu wa mtaa walinipisha njia kwa heshima, wakidhani ni ajuza wanayepaswa kumjua.

Daktari alinibonyeza hapa na pale, akaniuliza hukaa kwa muda gani kwa siku. Nikamwambia ukweli.

"Simama," akasema.

Nikasimama, kwa taabu.

"Hapana. Ukiwa kazini."

Meza za kusimamia zinazouzwa madukani zina mota na vitufe, na bei yake inaweza kumnyoosha mtu mgongo kwa mshtuko tu. Nikaenda kwa fundi wa mbao kando ya barabara ya Outer Ring, yule anayetengeneza vitanda na majeneza kwa mbao zilezile. Nikakunja mkono nikamwonyesha kimo cha kiwiko changu.

"Hii ni counter ya bar ama pulpit?" akauliza.

"Ni meza ya kazi. Nitakuwa nimesimama."

"Siku mzima?"

"Siku nzima."

"Na kwa nyumba uko na viti?"

"Niko navyo."

Alinitazama vile watu humtazama mtu aliyeokoka ghafla. "Sawa basi, madam. Kila mtu na shida zake."

Meza ilipopandishwa ngazi, jirani wa chini aliuliza kama nitakuwa nauza chipsi. Ilikuwa nzito, ndefu, na chini yake fundi alikuwa ameongeza ubao wa kuegemeza mguu, kama wa baa, bila kuulizwa. Nilinuia kukasirika, lakini ubao huo ndio uliokuja kuwa sehemu niliyoipenda kuliko zote. Mgongo ulipata nafuu. Nami, kama kila mtu aliyepona, nikawa msumbufu. Niliwahubiria ndugu zangu habari ya kusimama mpaka wakaacha kupokea simu zangu. Jina la meza lilifika hadi ushago, kijijini kwetu, kwa watu ambao hawajawahi kuniona nikifanya kazi yoyote.

Kisha mama akaja kukaa nami.

Mama anaishi mtaa wa Kaloleni, katika nyumba ileile tuliyolelewa, ambayo baba aliipata enzi zake za kufanya kazi reli. Hapendi Donholm. Anasema ni mtaa wa watu wanaojifungia. Lakini mwezi ule mjomba, ndugu yake pekee aliyebaki, alikuwa amelazwa hospitalini huko kwetu magharibi, moyo ukimsumbua, na habari zilizokuja kila siku zilikuwa mbaya kuliko za jana. Tukaamua mama aje kwangu ili habari yenyewe ikija isimkute peke yake. Hatukumwambia hivyo. Tulimwambia aje anisaidie kupika, na mama, ambaye si mjinga, alibeba nguo zake nyeusi chini ya zile za maua.

Tatizo ni kwamba yeye na mjomba hawakuwa wakizungumza, na chanzo chake kilikuwa firigisi.

Kwetu, firigisi ya kuku ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba. Haijadiliwi. Krismasi moja, tukiwa ushago, mama alimchinja kuku wake mwenyewe, akampika, kisha akaila firigisi palepale jikoni, akiwa amesimama mbele ya sufuria. Mjomba alipofunua bakuli akaikosa, alisema mbele ya wageni kwamba dada yake tangu afiwe amejifanya mwanamume. Mama akajibu kwamba angeona mwanamume pale angemwachia. Basi. Wazee wawili wa kanisa, wenye wajukuu, wakanyamaziana miaka kwa kipande cha nyama kinachoingia kwenye kijiko.

"Mpigie tu, mama," nilimwambia jioni aliyofika.

"Ana simu. Namba yangu anaijua."

"Ni mgonjwa."

"Vidole si vigonjwa."

Nilicheka, lakini kwa hofu. Mjomba akifa kabla hawajapatana, mama angeibeba firigisi ile mpaka kaburini kwake. Hilo niliogopa kuliko kifo chenyewe.

Asubuhi yake aliamka akanikuta nimesimama mbele ya meza, vipokea sauti masikioni, nimenyamaza, uso umekazana kwa sababu Mwaustralia mmoja alikuwa anameza maneno. Mama alishika ukuta.

"Ni nani?" akauliza.

"Nani nani?"

"Kaa chini kwanza. Kaa chini ndio useme."

Ndipo nikakumbuka. Kwetu mgeni hupewa kiti kabla hajaulizwa jina, na anayekikataa kiti amebeba msiba. Mtu wa kifo hakai. Nilikuwa msichana mdogo kule Kaloleni siku rafiki ya baba kutoka reli alipokuja nyumbani mchana, kofia mkononi, akasimama kati ya meza na pazia. Mama alimsukumia kiti. Hakukaa. Akamsukumia tena. Mpaka leo nadhani mama anaamini kwamba yule bwana angekubali tu kukaa, baba angerudi jioni kama kawaida.

Na sasa mimi, bintiye, nilikuwa nimesimama sebuleni kutwa nzima kwa ushauri wa daktari.

Nilimweleza habari za mgongo. Alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa, kisha akaenda kuchukua kiti cha plastiki akakiweka nyuma ya magoti yangu. Nilikiondoa. Alikirudisha. Tulishinda hivyo. Siku ya mkutano wa video na msimamizi wangu wa ng'ambo, mkono wa mama uliingia kwenye picha kutoka kando ukiwa na stuli, ukatoka, ukarudi na mto wa kukalia. Msimamizi alisema anapenda sana utamaduni wetu. Sikumweleza ni utamaduni gani.

Wanawake wa kanisa walipokuja kumjulia hali mama walinikuta kazini. Waliniona nimesimama, wakamtazama mama, wakatazamana, na hakuna aliyekaa. Walikunywa chai wima, vikombe mkononi, wakingoja nitangaze. Nilipoondoka mezani kwenda chooni, mmoja alisema "Ee Bwana" kwa sauti ya chini. Mama hakulala usiku ule. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu na nikaona haya, kisha nikaona hasira kwa kuona haya kwa sababu ya meza.

"Nitaiuza," nikamwambia.

"Mgongo je?"

"Utajijua wenyewe."

Aliizunguka meza polepole, akaigonga kama anayechagua tikiti maji. "Usiiuze," akasema. "Simama, wewe mtoto. Nitazoea. Lakini sasa hapa mambo yamegeuka, umesikia? Siku nitakayokuona umekaa saa za kazi, nitajua ni ile habari. Hutahitaji kunieleza."

Tulikubaliana hivyo, kwa uzito wote, kama watu wanaotia sahihi. Kuanzia hapo alitulia. Alipita sebuleni, akaniona wima, akaendelea na shughuli zake. Nikiwa nimesimama, ndugu yake alikuwa hai. Nilianza kuogopa kukaa hata kufunga kamba za viatu.

Kisha binamu yangu akapiga simu asubuhi moja mama akiwa bafuni. Alisema mjomba hajaamka vizuri, madaktari wamewatoa watu chumbani, tujiandae. Nilijiandaa kwa kusimama wima zaidi. Mama alitoka akaniona, akaniuliza kama nataka uji. Nikasema ndiyo. Niliunywa nikiwa wima.

Kabla ya saa sita simu yangu ililia tena. Namba nisiyoijua. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni akichambua maharagwe kwenye sinia. Niliipokea nikiwa nimeshika ukingo wa meza kwa mkono mwingine.

"Nasikia siku hizi unafanya kazi umesimama kama mlinzi wa benki," sauti ikasema. Ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ya mjomba. "Hii simu ni ya nesi. Wameniamsha, wakanipa chai bila sukari. Hiyo ni njia ya kumtibu mtu?"

Kwa furaha nikasahau makubaliano yetu. Kiti cha plastiki kilikuwa palepale mama alipokiacha, nyuma yangu, nami nikakaa.

Sinia ilianguka. Maharagwe yalitawanyika hadi chini ya kochi.

"Uuuwi!" mama akalia. "Uuuwi, ndugu yangu! Si ungeniambia unaitaka firigisi hivyo! Ningekupa! Ningekupa!"

"Mama, hapana, ngoja," nikasema, lakini kilio kikianza hakingoji. Alikuwa ameketi sakafuni kati ya maharagwe, mikono kichwani.

"Nani amekufa huko?" mjomba akauliza.

"Wewe," nikamwambia.

"Anayelia ni dada yangu?"

"Ni yeye. Ngoja nimpe simu."

"Hapana. Mwache kidogo. Nataka kusikia."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamgeuzia simu. Mama alilia kwamba ndugu yake alikuwa na kiburi, lakini kiburi chake kilikuwa cha nyumbani. Alilia kwamba ndugu huyo ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kuvuka mto siku za mvua ili yeye afike shuleni na soksi kavu, naye mama hakuwahi kumshukuru, na sasa atamshukuru nani.

"Hiyo hajawahi kuniambia," mjomba akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Wakati huo jirani wa chini alikuwa ameshapanda, leso imefungwa kiunoni, machozi tayari. Nilipiga magoti mbele ya mama, nikawasha spika, nikaweka simu karibu na uso wake.

"Dada," simu ikasema. "Ilikuwa tamu?"

Mama aliacha kulia ghafla, mdomo wazi. Aliitazama simu. Alinitazama mimi. Jirani alitutazama sote.

"Sasa nilie ama niende?" jirani akaniuliza kwa sauti ya chini.

Mama alijifuta uso kwa upindo wa gauni. "Ilikuwa ngumu kama kiatu," akaiambia simu. "Niliimeza tu kwa sababu nilikuwa nimekasirika."

"Nilijua. Kuku wako ni wazee."

"Mzee ni wewe! Wewe unayeliza watu bure!"

Alininyang'anya simu, akainuka akishika mguu wa meza, na hakuondoka hapo. Niliona akiweka kiwiko juu yake, kimo kikimtosha kabisa, kisha mguu mmoja ukatafuta ule ubao wa chini ukaukuta. Akaegemea. Alimwuliza mjomba anakula nini, nani anamfulia, kama bado anakoroma, kama ng'ombe yule mwekundu amezaa. Mjomba alisema nesi anataka simu yake. Mama akamwambia nesi angoje.

Jirani alisaidia kuokota maharagwe akarudi kwake. Kompyuta yangu ilikuwa mbele ya mama, Mwaustralia amegandishwa katikati ya neno, kazi imechelewa, na kiti cha plastiki, nilichokuwa nimekikalia tena, kikaanza kunichoma kiunoni palepale pa zamani. Mama alikuwa anacheka, amesimama. Sikuthubutu kumwambia akae.