Nyamoita na Nyumba ya Magurudumu

Kila asubuhi, kabla ya kumsalimu mtu yeyote, Nyamoita alipiga magoti kitandani, akabandika kiganja kwenye dari pale upande wa mbele wa gari unapoungana na wa nyuma, kisha akakinusa. Kikinuka kutu, alikipangusa kwenye shati la mumewe, mwenyewe akiwa bado amelala amelivaa, ndipo akaenda kuchemsha chai. Nilimwona kupitia kioo cha dirisha kila nilipopita kwenda kukamua, na mara nyingi shati lile lilikuwa na madoa ya vidole vitano mgongoni hadi jioni. Mwenye shati hakuwahi kugundua.

Huyo mwenye shati ni baba yangu mdogo, Obwocha. Mimi shule niliachia darasa la sita, lakini kumtambua mtu mjinga hakuhitaji cheti.

Hilo gari lilikuwa la wageni wawili waliokuwa wakizunguka Afrika wakilala humo humo. Lina kitanda, meza, sinki na jiko la gesi. Likawafia Suneka. Wakati huo Obwocha alikuwa anafanya kazi Tabaka, anapiga msasa vinyago vya mawe ya sabuni, na ndiye aliyewatembeza wale wageni wakitafuta spea ambazo hazikupatikana. Walipochoka wakapanda ndege wakaenda kwao, wakamwachia gari karibu na bure. Akaleta trekta, likavutwa hadi kwetu Nyacheki, likaegeshwa katikati ya kile kiwanja ambacho nyanya alikuwa amemgawia ajenge. Akashuka, akapangusa mikono, akatutangazia kwamba amemaliza kujenga.

Kwetu mwanamume asiye na nyumba kwao ni mtoto, hata kama ana mvi. Obwocha alilijua hilo, lakini udongo haukandwi kwa maneno, na yeye alichokuwa nacho ni maneno. Akasema gari lina mlango, lina madirisha, lina paa, sasa nyumba ni nini kingine? Nyanya alilizunguka mara mbili, akauliza moshi utatokea wapi. Akaambiwa hapa hakuna moshi, ni gesi. Nyanya akaenda zake kupalilia.

Nyamoita alikuja mwaka uliofuata, kutoka upande wa Nyamira. Walikutana Itumbe, alikokuwa akichuma majani chai. Alikuwa mwanamke wa mikono myepesi na maneno machache, na hayo machache yalikuwa na makali. Alikuja kwa ahadi moja: kwamba kabla ya mwaka kwisha baba yake ataitwa aone boma, wazungumze habari za ng'ombe, naye awe mke wa mtu. Bila hivyo alikuwa mwanamke anayekaa tu na mtu. Angekufa, nani angekuwa na haki ya kumzika pale? Hilo alinieleza yeye mwenyewe tukiwa shambani, kwa sauti ile ile ambayo angeniambia kikapu kimejaa.

Mwaka ulikwisha, mwingine ukaanza. Baba yake, Mzee Ogeto, alikuwa amesikia habari za gari lile, na jibu lake lilikuwa fupi. Hawezi kwenda kukaa kwenye nyumba inayonyeshewa ndani. Kwa hiyo mambo yote ya Nyamoita yakaning'inia kwenye ule mshono wa paa, pale alipobandika kiganja kila asubuhi, ufa wa urefu wa mkono mmoja.

Obwocha alikuwa ameshaupaka lami iliyobaki barabarani, akaupaka gundi ya viatu, akaugandisha nailoni. Kila dawa juu ya nyingine, mpaka paa likawa na kovu kama la ng'ombe aliyepigwa mapanga. Mvua ya Kisii huja saa tisa mchana kama mtu mwenye miadi, na kila saa tisa beseni lilikuwa tayari chini.

Nyamoita akaenda mwenyewe Suneka akamleta Jasper, fundi wa bodi za mabasi. Jasper alipanda juu, akachokoa lile kovu kwa bisibisi, akacheka peke yake. Akasema takataka yote hiyo ing'olewe hadi bati lionekane, pasafishwe, pakaushwe, ndipo ipakwe silikoni ya magari, ile inayovutika kama ulimbo. Gari hata likiwa limeegeshwa linacheza, alisema, ukiingia linainama, ukitoka linainuka, kwa hiyo kitu kigumu hakitakaa.

Obwocha alimsikiliza akiwa amekunja mikono. Akamwambia Jasper kwamba yeye ameshika msasa miaka tisa na hafundishwi kuziba nyufa na mtu wa mabasi. Jasper akawasha pikipiki yake.

Alichofanya Obwocha baada ya hapo, nadhani ni mtu wa Tabaka peke yake angekifanya. Kule kinyago kikivunjika, kiboko akikatika sikio, wanachukua unga wa jiwe la sabuni, wanauchanganya na gundi, wanaliunga sikio, wanapiga msasa, na mnunuzi anaondoka akifurahi. Obwocha alileta unga huo gunia zima. Akaujaza kwenye mshono, juu ya lami na nailoni na kila kitu, akaupiga msasa siku mbili mpaka ukang'aa kama jino jipya. Akapaka nta. Kazi ilikuwa nzuri kweli. Watu walipanda ngazi kuitazama, naye akisimama chini akiwauliza kama wameona mahali palipoungwa.

Na paa halikuvuja. Siku nne mvua ilinyesha na beseni likabaki kavu. Siku ya tano Nyamoita alinusa kiganja chake, akakinusa tena, halafu akapeleka ujumbe kwao: Jumapili waje. Akashona pazia la kitambaa kizito, akakifunika kitanda upande hadi upande. Hilo pazia lilikuwa muhimu kuliko chai. Sisi tuna chinsoni, heshima ya wakwe, na baba hatakiwi kuona mahali bintiye anapolala na mume. Kwenye nyumba ya kawaida kuna ukuta. Kwenye gari kuna kitambaa.

Jumapili asubuhi Obwocha aliamka na wazo. Mlango wa gari ulitazama migomba, na yeye alitaka wakwe waukute ukiwatazama wao. Mchana akaita vijana wanane walisukume waligeuze.

Nyamoita alimwambia gari lisiguswe.

"Wewe umekuwa fundi lini?" akauliza Obwocha, wale vijana wakisikia.

"Tangu nilipoanza kulowa."

Walicheka. Obwocha hakucheka, na kwa sababu walicheka ilimbidi sasa lisukumwe. Gurudumu moja likaingia kwenye shimo la mgomba, gari likajipinda, na huko juu kitu kikalia, ta, kama kibuyu kinachopasuka. Obwocha akasema ni mlango. Nilipanda ngazi. Ufa mwembamba ulikuwa umepita katikati ya lile jiwe zuri, mwanzo hadi mwisho. Nilishuka nikamwambia Nyamoita. Akatazama juu, kisha akatazama njia. Wageni walikuwa wameshafika langoni.

Walikuwa wawili, Mzee Ogeto na ndugu yake Machogu, wamevaa makoti. Nyanya aliwapokea vizuri. Wakaingia, wakakaa kwenye meza, gari likainama kidogo kisha likatulia. Wakala ugali wa wimbi na kuku. Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Mzee Ogeto alitazama huku na huku, akagusa sinki, akamwambia bintiye kwamba pako safi. Nikaona mabega ya Nyamoita yakishuka. Basi mzee akasafisha koo na kuanza kuulizia ng'ombe, wako wapi na ni wa rangi gani, na hapo ndipo mvua iliposhuka.

Tone la kwanza lilimwangukia begani. Akalipangusa, akaendelea. La pili likaingia kwenye kikombe. Akasogea. Maji yakafuata mshono kama yanayomtafuta, mpaka yakawa uzi, na benchi lote likalowa. Nyamoita alikuwa anatandaza khanga yake pale. Angetulia tu Obwocha, mzee angesimama, mvua ingepita, watu wangecheka. Watu wamenyeshewa kabla ya hapo.

Obwocha alisimama akalishika pazia, akalivuta lote.

"Baba, sogea hapa kitandani," akasema. "Hapa ni pakavu."

Blanketi lilikuwepo, na mito miwili. Machogu aliangalia viatu vyake. Mzee Ogeto aliweka kikombe mezani polepole sana, akachukua kofia, akatoka kwenye mvua bila kugeuza kichwa. Machogu alimfuata. Akapita jikoni kwa nyanya akamshukuru kwa chakula, na habari za ng'ombe hazikutajwa tena.

Obwocha alibaki ameshika pazia. Akauliza kwani kosa liko wapi, si alikuwa anamsaidia mzee. Kisha akachukua mkebe wa unga wa mawe akapanda juu ya paa, kwenye mvua hiyo hiyo.

Nyamoita alitoka akasimama chini ya ngazi.

"Paa ningelivumilia," akamwambia. "Baba yangu umemwonyesha ninapolala."

"Ni mvua hiyo."

"Mvua haikufungua pazia."

Akaingia ndani akatoka na sweta na viatu vyake vya kanisani ndani ya mfuko. Alipita jikoni, akamwambia nyanya neno ambalo sikulisikia, na nyanya akamshika mkono muda mrefu kabla ya kuuachia. Kisha akatoka langoni, akafuata njia waliyopita wazee, kati ya chai na chai, bila kukimbia.

Huko juu Obwocha alikuwa ameinama, anakoroga uji wake wa mawe na maji ya mvua. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akamwita Nyamoita ampe msasa. Akaita mara ya pili, kwa hasira. Nyamoita alikuwa ameshapita kituo cha kupimia majani. Hakurudi.