Bata Mzinga wa Idi

Babangu na ami yangu hawakuwa wamekula Idi pamoja tangu mimi sijaolewa, na sasa nimeshaolewa na nimeshaachwa. Ugomvi wao ulikuwa juu ya mwezi. Baba hutaka uonekane hapa hapa, kwa macho ya watu tunaowajua. Ami, nduguye mkubwa anayekaa Kisauni, humtosha ukionekana popote duniani. Basi kila mwaka mmoja hula na mwingine bado kafunga, na kila mmoja humuombea mwenzake uongofu kwa sauti ya kusikika.

Mwaka huo baba alikuwa ameona kwenye simu mtu akitoa bata mzinga mzima tanurini, anang'aa kama mlango uliopigwa vanishi. Akasema Idi hii hatutaki pilau ya mbuzi. Rafiki yake mfugaji wa Jomvu Kuu akamletea mmoja, zawadi, kumi la mwisho la Ramadhani. Tukamfunga mguu uani kwetu Magongo, na kuanzia siku ile akawa anaitikia adhana. Mwadhini akianza tu, naye gulugulu, gulugulu, mpaka mwisho.

"Huyu ana dini kuliko wewe," mama akamwambia baba. "Yeye akiitwa huitika. Wewe hugeukia ubavu wa pili."

"Hiyo si dini, ni kelele."

"Hata wewe ukitoa mawaidha ni vivyo hivyo."

Halafu mwezi ukaandama kote siku moja. Magharibi ile ile ami akapiga simu.

"Alhamdulillahi, tumekuwa pamoja," akasema.

"Tumekuwa pamoja," baba akajibu.

Nilikaa pale nikiwasikiliza wanavyotafuta la kugombania, wasilipate. Mwisho baba akasema, kama mtu anayekubali kung'olewa jino, "Basi njoo ule kwetu."

Ami alikuja mapema mno, moja kwa moja kutoka kuswali, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alikuja peke yake. Mkewe alikuwa amefariki tangu Idi iliyopita, na hilo hakuna aliyelitaja mlangoni.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Haya, huyo ndege yuko wapi?"

Ndege alikuwa bado hai. Baba alikuwa uani amekunja mikono ya kanzu, kisu kimenolewa, na uso wa mtu anayetamani mwengine ajitolee. Ami akamshika bata mabawa, akamlaza, akatazama juu, akatazama baba.

"Kibla si huko. Mgeuze kidogo."

"Kaka, hii ni nyumba yangu. Nimeswali humu miaka yote."

"Ndiyo maana dua zako hazifiki. Mgeuze!"

Baba akamgeuza huku, ami akamgeuza kule. Walipokuwa wanaoneshana kaskazini kwa vidole, kila mmoja na kaskazini yake, bata akapata nafasi. Alimpiga ami bawa la shavu, akaruka ukuta na kamba yake mguuni, akaangukia kwa jirani yetu wa bara aliyekuwa anaanika nguo.

"Mzee!" tukamsikia. "Hii ni nini imeingia kwangu?"

Wazee wawili wa heshima zao wakatoka mbio na kanzu zimepandishwa magotini. Mimi nikafuata, kusaidia nilivyodai, lakini wallahi nilikwenda kutazama. Bata alizunguka shuka za jirani, akatoka langoni, akashika barabara. Ami alimkata kwa mbele, akamrukia, akamkosa, akaingia mtaroni mpaka kiunoni.

Baba alisimama. Nilidhani atampa mkono. Badala yake alicheka, akacheka mpaka akakaa chini pale pale vumbini, kofia imemdondoka. Ami akamtazama kwa hasira, kanzu yake nusu nyeupe nusu tope. Kisha midomo ikaanza kumcheza, naye akaangua kicheko humo humo mtaroni.

Bata alikamatwa na jirani, kwa beseni la nguo. Mama alimpokea, akauliza kisu kiko wapi, akamlaza chini, akapiga bismillahi, akamchinja. Wale wawili waliporudi, mmoja anamkamua mwenziwe kanzu, kazi ilikuwa imekwisha.

"Ulimuelekeza wapi?" baba akauliza.

"Mbali na nyinyi," mama akasema.

Jiko letu la gesi halikumtosha hata nusu. Mama akatoa sufuria ya pilau za harusi, akampaka bata thomu, tangawizi, ndimu na maziwa lala, akamtia mzima, akaweka moto chini na kupalia makaa juu ya kifuniko, kama mkate wa sinia. Baba na ami, aliyeazimwa shuka ya baba, wakapewa kazi ya kupepea. Kila mara nikipita nawasikia wanabishana juu ya moto, uongezwe au upunguzwe. Mara moja nikapita nikawakuta wameacha kupepea. Ami alikuwa anajifuta macho na pembe ya shuka.

"Moshi," akaniambia.

"Moshi," baba akasema, akasogeza kiti chake karibu.

Alasiri ilipita tukila mahamri na viazi vya karai. Bata alipotoka alikuwa mweusi mgongoni, mwekundu ubavuni, na baba alimkata kwa adabu zote alizojifunza kwenye simu. Kidari kilikuwa kikavu kama sufi ya mto. Tulitafuna, tukanywa maji, tukatafuna tena.

"Kaka waonaje?" baba akauliza.

Ami alimeza kwa taabu. "Mashallah. Mwakani lete mbuzi."

Mapaja lakini yalikuwa matamu, na waliyagombania hadharani, wazee wazima, kila mmoja akidai ndiye aliyefukuza zaidi. Mama alimfungia ami mabaki kwenye bakuli lake zuri la kifuniko, lile ambalo sisi haturuhusiwi kuligusa.

Siku chache baadaye baba akasema anakwenda Kisauni kulifuata. Alirudi jioni, mikono mitupu.

"Bakuli langu?" mama akauliza.

"Nimelisahau. Tulikuwa tunazungumza."

Kesho yake akaenda tena, akalisahau tena.