Ndala ya Mama na Baridi ya Gari la Baba

Sikwenda Msambweni kutembea. Nilikwenda kumchukua mama, aliyekuwa ametolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia. La kushoto lilishakufa zamani, kwa hivyo tumaini lake lote lilikuwa kwenye hilo moja. Daktari alinieleza kwa simu, polepole, kama anayemwelekeza mtu mkaidi: vumbi lisimwingie, jasho lisimtiririkie jichoni, na asilifikiche hata likimwasha vipi. Nikajibu sawa, daktari. Kisha nikakumbuka kwetu ni wapi. Kwetu ni ng'ambo ya Kwale, upande wa Kinango, ambako lori likipita huwaoni kuku wako mpaka vumbi litue.

Mpango wangu ulikuwa mmoja tu: madirisha yafungwe, kiyoyozi kiwashwe. Gari ni la marehemu baba, kuukuu, rangi imeanza kubanduka, lakini baridi yake ilikuwa ya kumfanya mtu atafute sweta. Baba alikipenda kiyoyozi kile kuliko redio. Nami, kwa kutaka mama apandishwe gari safi, mara tulipopewa tarehe ya upasuaji nililipeleka likaoshwe, nikasisitiza lioshwe mpaka injini. Muoshaji akachomoa kipande cheusi cha mpira kilichofungwa kwa waya. "Na hiki?" akaniuliza. Nikamwambia tupa, uchafu huo. Nilijiona mtu nadhifu kweli.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliondoka nyumbani. Kwale kulikuwa na umande bado, sikuhitaji baridi ya mashine. Niliteremka mpaka Kombani, ambako wauza mihogo walikuwa ndio kwanza wanapanga mafungu yao, na hapo jua likaanza kunichoma mkono. Nikafunga madirisha, nikawasha. Alhamdulillahi, kikavuma. Kufika Tiwi kilikuwa kinavuma vilevile, lakini kilichotoka kilikuwa kama pumzi ya mtu mwenye homa.

Ukunda nilisimama kwenye gereji ya kando ya barabara. Fundi alikuwa mtu wa bara, mcheshi, na hakuinama hata kutazama.

"Mathe, hiyo ni gesi tu imeisha. Nakujazia saa hii, utaskia baridi ya Limuru."

"Imeisha imekwenda wapi?"

"Huisha tu. Si hata ya jikoni huisha?"

Ya jikoni! Ya jikoni naichoma mwenyewe, moto nauona. Lakini nilikuwa na haraka, na maelezo yake yalinifaa. Akajaza, baridi ikaja kweli, nami nikaondoka naimba kaswida. Njia panda ya kwendea Chale niliipita nimeinua kidevu, nyuma ya magari ya watalii yaliyofungwa vioo kama langu. Sikuifikia Gazi. Homa ikarudi. Nilimtaja yule fundi kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, nikasema astaghfirullah, kisha nikamtaja tena.

Saa nne kasorobo nilifika Msambweni. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali, mfuko mapajani, ndala za buluu miguuni, jicho la kulia limefunikwa kikombe kidogo cha plastiki kilichobandikwa kwa plasta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona wahema?"

Nikamweleza kwamba gari limegoma kutoa baridi.

"Basi tufungue madirisha. Nitajifunika leso."

"Mama, na vumbi lile!"

Muuguzi aliyekuwa akimwandikia dawa akainua kichwa. "Leso italeta joto, joto litaleta jasho. Mama, usituharibie kazi yetu." Akanielekeza kwa Salimu, fundi wa friji nyuma ya soko, anayetengeneza majokofu ya wauza samaki. Akasema na magari anayajua. Nikampakia mama, tukaenda kwake.

Salimu ni mtu wa makamo, na hana haraka. Alimsalimu mama kwanza, akamuuliza habari za jicho, akamwombea dua, akamtolea kiti akae chini ya kibanda chake. Mimi nimesimama pale, moyo wanichemka kuliko injini. Ndipo akanigeukia.

"Tatizo ni nini, dada?"

"Gesi imeisha."

"Gesi ya humu haiishi," akasema. "Imefungiwa ndani, inazunguka tu. Ukiikosa, ujue imetoka. Tutafute ilikotokea."

Akaongeza gesi kidogo ya kupimia, akakoroga sabuni ndani ya kikombe, akachukua brashi ya rangi na kuanza kupaka povu, kiungo kimoja baada ya kingine. Akipaka, anatulia, anatazama. Nami nikatazama naye, sipumui. Karibu na tangi la maji, mahali bomba linapopinda na kupita ubavuni mwa chuma, povu likaanza kujaa mapovu makubwa makubwa, moja likipasuka jingine linakuja.

"Ndipo hapa," akasema. "Bomba limesuguana na chuma mpaka limetoboka. Lakini ajabu, pana alama ya waya. Palikuwa na kitu hapa, kikawa kinazuia."

Nilikiona kile kipande cheusi mkononi mwa muoshaji kama kwamba ni jana.

"Ndala," mama akasema kutoka kibandani.

"Ndala gani, mama?" Salimu akauliza.

"Ndala yangu. Marehemu aliikata. Mpya, sijaivaa hata Ijumaa mbili! Nikamnunia wiki nzima. Akanambia, bomba hili likitoboka, wewe ndiye utakayeungua jua humu ndani. Mwanamisi, ipo?"

Ningeweza kusema ilidondoka njiani. Nina miaka arubaini na sita, na uongo ulikuwa umeshanifika mdomoni.

"Niliitupa, mama. Siku niliyoosha gari."

Mabega yakaanza kumtikisika. "Lo! Wiki nzima nimemnunia bure mume wangu, kumbe wa kununiwa alikuwa bado yuaja."

"Mama, usicheke hivyo, jicho!" Nilikuwa nacheka nami, na machozi yananitoka. Baba amekufa mwaka wa tatu huu, na siku ile ndiyo nilijua kwamba alikuwa akimkinga mama na jua miaka yote hiyo kwa kipande cha ndala.

Salimu alilifungua bomba, akalipeleka likachomelewe, akalirudisha na mipira mipya kwenye viungo vyake. Akaunganisha pampu ya kuvuta hewa, akaiacha ikinguruma huku sisi tukiswali adhuhuri kwa zamu. Ndipo akajaza gesi na kupaka povu upya. Safari hii povu lilikaa palepale, kimya, mpaka likakauka. Sijapata kufurahia sabuni kiasi kile.

Alipokwenda kutafuta mpira wa kuweka kati ya bomba na chuma, mama aliinua mguu.

"Chukua hii."

"Mama, ninavyo vipande vya tairi," Salimu akasema.

"Tairi ni gumu. Mume wangu aliweka ndala."

Salimu akaniangalia, nikamwambia kata. Mama akaingia garini mguu mmoja mtupu.

Saa tisa na nusu tulishika njia ya kurudi. Ukunda tukapita bila kusimama, Kombani vilevile, kila mara naweka kiganja kwenye tundu la hewa kama mtu anayepima homa ya mtoto. Baridi tupu. Tulipoiacha lami ng'ambo ya Kwale, lori la mawe likatupita kwa kasi, na dunia yote ikawa vumbi. Sikuona hata pua ya gari langu. Nikasimama.

"Ndilo vumbi hilo?" mama akauliza.

"Ndilo."

"Mbona silisikii?" Akajivutia leso mabegani. "Hebu punguza, nahisi baridi."

Nikapiga alhamdulillahi kwa sauti mpaka akashtuka.

Niliyorudi nayo ni haya mawili: ukiambiwa gesi imeisha tu, uliza imetokea wapi, na kabla hujatupa uchafu wa baba, muulize mama.

Siku ya nane tulirudi kliniki, madirisha yamefungwa, na daktari akasema jicho li safi. Tulipofika nyumbani mama hakuingia ndani. Aliniamuru nifungue boneti. Akainama, jicho lake jipya karibu na bomba, akakitazama kile kipande cha buluu kwa muda mrefu, akakigusa kwa kidole.

"Baba yako aliikata vizuri zaidi," akasema.

Kisha akavua ile ndala moja iliyobaki, aliyokuwa akiivaa pamoja na kuukuu ya kahawia, akanipa mkononi.

"Na hii iweke akiba. Wewe na usafi wako huo."