Kusindikizwa na Bibi wa Makambako

Baridi ya Njombe mwezi wa saba haina adabu. Unamimina chai ya moto, unageuka kuchukua sukari, ukirudi chai imeganda na kijiko kimesimama wima. Nimeona kwa macho yangu, na asiyeamini aje na kikombe chake. Katika baridi hiyo dada mmoja alimleta mama yake kutoka Makambako, gari likawashusha mbele ya kituo chetu, nyuma ya maduka ya Ramadhani.

Kituo ni nyumba ya masista. Tunapokea wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wanakaa wiki chache ili wanaowauguza nyumbani wapumue, kisha wanachukuliwa. Mimi ni mhudumu hapo. Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, nikiwa mkubwa kuliko mwalimu, na darasa zima ningeweza kulinyonyesha maziwa yakabaki. Ndiyo maana sitishwi na jambo linaloanza kwa kuchelewa.

Bibi alishuka garini kwa miguu yake, amejifunga kitenge juu ya sweta mbili, akatuamkua wote kana kwamba sisi ndio tumefika kwake.

"Kamwene! Karibuni, karibuni. Mbona mmesimama?"

Binti yake alinivuta pembeni. Yeye ni fundi cherehani, anaishi na mama yake wawili tu. Alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa tumbo.

"Dada, nisikilize vizuri," aliniambia. "Daktari amesema nikitoka huko nisinyanyue hata ndoo. Choo chetu kiko nje, juu ya kimlima. Mama akienda mwenyewe, tunaishi. Asipoweza kuinuka, siwezi kumbeba, na sina pa kumpeleka. Nimemleta anatembea. Naomba nimkute anatembea."

"Utamkuta anakimbia," nikamjibu. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hutangulia.

Sasa ngoja niwaambie tulivyo. Sisi watu wa huku tumelelewa kwamba mzee hachukui kitu ukiwepo. Bibi akitaka kuinuka kufuata maji, tayari mikono mitano imemrudisha kitini: "Kaa bibi, kaa, nakuletea." Akitafuta kandambili, zimeshavalishwa. Akitazama dirishani, mtu amelifunga, amelifungua, amelifunga tena. Mimi ndiye nilikuwa bingwa wa kuwahi. Blanketi nilimtandika magotini hata hajahisi baridi.

Kufikia wiki iliyofuata, bibi aliyeshuka mwenyewe garini alikuwa anainuliwa na watu wawili, mmoja kila kwapa. Magoti yamekaza kama bawaba za mlango wa ghala. Sista mkuu, ambaye ni muuguzi, alimtazama, akatutazama sisi.

"Tutamheshimu huyu mpaka akauke hapo kitini," akasema. "Kuanzia leo, mazoezi."

Mazoezi yenyewe tulikuwa nayo, sista alitufundisha: kusimama na kukaa ukishika mgongo wa kiti, kuinua visigino, kwenda na kurudi varandani. Mzee mmoja kutoka Iwawa ukimpa fimbo ya ufagio alikuwa anapalilia viazi ukumbi mzima mpaka umpishe. Nikamwendea bibi na tabasamu langu lote.

"Bibi, tusimame."

"Kuna nini?"

"Mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya miguu."

"Miguu yangu ina kosa gani?"

"Haina kosa, bibi."

"Basi iache."

Kesho yake nilicheza ngoma mbele yake mpaka nyumba ikatikisika. Akapiga makofi, akasifia kiuno changu, akabaki amekaa. Keshokutwa sista alijaribu kwa upole, akajibiwa kwamba gwaride ni la askari. Nilianza kumwota yule binti: amefika, ameshika tumbo lake lenye mshono, ananiuliza mama yangu yuko wapi, nami namwonyesha kiti.

Kilichotokea jioni moja hakikupangwa na mtu. Kawaida nikimaliza zamu hutokea mlango wa jikoni, nanyamaza, ili wazee wasihangaike. Siku hiyo jikoni palikuwa pamedekiwa, nikapita ukumbini na koti langu na mkoba begani. Bibi akaniona, nikaona aibu kumpita hivi hivi. Nikapiga goti.

"Bibi, naaga. Nakwenda nyumbani."

"Unaondoka? Na hujala?" Akashika mikono ya kiti.

Mikono yangu ikaruka kumkalisha, ndivyo ilivyofundishwa tangu utotoni. Sista akapaza sauti kutoka upande wa pili: "Mwache!"

Nikairudisha nyuma, nikaifumbata. Bibi akainama mbele, akaguna, akainuka. Milima ya Kipengere ingeinuka haraka zaidi, lakini aliinuka. Akanishika kiwiko, tukatoka: ukumbi, varanda, ngazi zile fupi, mpaka kwenye mparachichi karibu na geti. Njia nzima ananiuliza habari za mvua na za mume ambaye sina. Chini ya mparachichi akasimama.

"Nikuachie hapa. Wasalimie wote."

Mgeni hasindikizwi ukiwa kitini, na mgeni hakatazi kusindikizwa. Hilo halikuwa limetoka kichwani mwake, au lilikuwa limehamia miguuni. Shida ikawa moja: nani sasa amrudishe, maana hakujua atokako.

"Na mimi nikusindikize kidogo, bibi," nikasema.

Akacheka. "Tutasindikizana mpaka kuche!"

Tukarudi ndani tukicheka, na sista amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Tangu siku ile kituo kizima kikawa cha wageni. Asubuhi namuaga mimi, mchana anaaga mpishi, alasiri mlinzi anavua kofia na kupiga goti. Sista, ambaye akili yake hailali, akaongeza jambo: mgeni hufungashiwa. Akaweka kikapu cha parachichi mezani na kingine chini kwenye kigoda. Bibi akawa anajinyoosha kufikia cha juu, anainama polepole kuchagua cha chini huku ameshika meza na sista yuko nyuma yake, anapima moja moja kwa kidole gumba kabla ya kutukabidhi. Kuna parachichi nililopewa mara nyingi hata tukazoeana. Liliivia mikononi mwangu.

Msidhani ilikuwa rahisi. Siku nyingine alitutazama tu, macho yako mbali. Siku za ukungu magoti yaligoma. Na siku moja nilipopiga goti langu kwa bashasha, akanikazia macho.

"Wewe kila siku unaaga. Huna kwenu?"

Nikaondoka nimenywea, nikamtuma mpishi, akasindikizwa yeye. Hatukuacha. Kidogo kidogo tukasogeza mwisho wa safari: kutoka mparachichi hadi getini, kutoka getini hadi pale njia inapopanda kwenda barabarani, kwa sababu sikusahau kile kimlima cha Makambako.

Binti akaja. Alitembea taratibu, mkono tumboni. Bibi alikuwa amekaa.

"Mama, nimekuja. Twende nyumbani."

"Nyumbani ni hapa. Karibu. Wewe ni wa nani?"

Binti akanigeukia. "Dada, ulisema anakimbia. Nimemkuta kitini." Akainama kumshika mama yake kwapani.

"Usinyanyue!" tukasema mimi na sista kwa pamoja. Nikamshika mkono. "Usimwambie twende. Muage."

"Nimuage? Nimekuja kumchukua."

"Muage kama mgeni anayeondoka. Utaona."

"Mimi si mgeni kwa mama yangu!"

Alisimama pale, akamtazama mama yake aliyekuwa akimtabasamia kwa ukarimu ule ule aliompa mlinzi. Kisha akafuta uso kwa upande wa kitenge, akajifunga vizuri, akashika kiti na kushusha goti polepole sana kwa ajili ya mshono.

"Mama, naaga. Nakwenda Makambako."

"Makambako! Mbali huko, na upepo wake." Bibi alikuwa ameshashika mikono ya kiti. "Subiri nikufungashie."

Akainuka. Akachagua parachichi, akalipima, akampa. Akamshika binti yake kiwiko, wakatoka varandani, wakashuka ngazi, wakapita mparachichi bila kusimama. Binti analia na kujibu habari za mvua. Kwenye mlango wa gari bibi akasita.

"Nikuachie hapa."

"Mama, nisindikize mpaka Makambako."

"Na nani atanirudisha?"

"Mimi."

Bibi akalitazama gari, akamtazama yeye. "Haya. Usinikimbie tu." Akaingia.

Sista alinipa ruhusa, nikapanda nao. Nilitaka kuukanyaga huo mlima mwenyewe. Ni mlima kweli, ingawa nilivyousimulia jikoni baadaye ulikuwa umefika mawinguni. Alasiri, upepo wa Makambako ukitaka kuninyang'anya kilemba, nilipiga goti nikamuaga bibi. Akaniinukia. Nilipitia njia ya juu kwa makusudi, tukapanda wote watatu, pole pole, mpaka tukafika usawa wa choo, na hapo hapo nikasimama.

"Niache hapa, bibi. Inatosha."

"Wasalimie," akasema. Kisha akamwangalia binti yake aliyekuwa amemshika kiwiko, akaubana ule mkono chini ya kwapa lake. "Huyu wangu haondoki leo. Atalala."

"Silali leo tu, mama," binti akasema. "Kesho nitakuaga mapema, tupande tena."

"Ukiaga nitakusindikiza," bibi akamjibu, na wakageuka kushuka, bibi ametangulia kidogo.