Kabla Kwaya Haijanyamaza

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilizaliwa nazo, nikaolewa nazo, na wateja wangu wa Kabati wanazijua vizuri. Ukigonga pedi yangu ya gemu mezani kwa sababu umefungwa bao, utatoka nje, na utakaa huko huko mpaka nipoe. Chumba changu cha gemu kiko nyuma ya duka la dawa za mifugo, na kwa miaka mingi kilikuwa kama vingine vyote: mpira asubuhi, mpira mchana, mpira jioni. Siku moja nikachoka kusikia vijana wazima wakimtukana refa wa ndani ya televisheni. Nikarudi nyumbani, nikavuta ile mashine ya zamani ambayo mume wangu alitoka nayo kwao, iliyokuwa chini ya kitanda tangu tuoane, nikaileta.

Mnaijua. Ile ya kaseti za plastiki, ambayo lazima upulize kabla ya kuchomeka, na haijui kuhifadhi mchezo. Stima ikipotea unaanza upya, hata kama ulikuwa umebakisha hatua moja.

Vijana walicheka. "Auntie, hii si ni ya kina guka?"

"Basi imalize," nikamwambia yule aliyecheka sana.

Hakuimaliza. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na alikuja na wenzake. Haukupita muda mrefu wakaanza kuja wengine kutoka Zombe, wamejaa mavumbi mpaka kwa kope, eti wamesikia kuna gemu ya wazee ambayo haimaliziki. Siku hizi wanashindana nani ataimaliza haraka zaidi. Wao wanaita kukimbiza. Wanarekodi kwa simu na kubishana juu ya mruko mmoja kama mawakili.

Gemu yenyewe ni ya watu wawili. Wafungwa wawili wanatoroka kwa kupanda mlima, na moto unapanda nyuma yao. Kioo cha televisheni kinamfuata aliye juu. Ukimwacha mwenzako chini, kioo kinapanda nawe na moto unammeza. Na lango la kileleni halifunguki mpaka wote wawili wasimame mbele yake.

Lakini kilichowavutia vijana zaidi ni saa yetu. Sisi hatutumii saa. Tunaweka tepu ya kwaya kwenye redio, upande mmoja, na lazima ufike langoni kabla upande huo haujaisha na kile kitufe cha redio hakijaruka, tak! Nyimbo zenyewe zinakuambia uko wapi. Wimbo wa tatu ukianza na hujavuka daraja la kamba, wewe anza tu kutafuta viatu vyako.

Sheria hiyo si yangu. Ni ya baba mkwe wangu, kule Kathonzweni. Zamani, kabla stima haijafika kwao, alikuwa na chumba nyuma ya duka lake, televisheni inakunywa betri ya gari, na watoto wa soko zima wamejipanga nje. Ili watu wasikalie mashine siku nzima, aliwapimia kwa kwaya. Kitufe kikiruka, inuka, hata uwe nani. Mume wangu anasema watu walitoka pale wakilia. Na anasema baba yake mwenyewe alikuwa akifika langoni na kwaya bado inaimba, anaweka pedi chini na kwenda kuhudumia wateja kama mtu aliyetoka tu kunywa maji.

Mwaka jana alipigwa na kiharusi. Alirudi kwa miguu yake, mdomo ukanyooka, lakini mkono wa kushoto ukabaki mzito.

Shemeji yangu mkubwa, yaani kaka ya mume wangu, ndiye aliyeitisha kikao. Alisema baba anaangusha chupa za mafuta, mizani inamshinda, na iko siku kitu kibaya kitamtokea akiwa peke yake mle ndani. Alete funguo, duka lipangishwe, apumzike. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, lakini jikoni ya pale inasikia kila kitu. Nilikasirika, jamani! Mtu ameamka na hilo duka tangu ujana wake, leo unamwambia akae chini ya ukuta kuhesabu kuku? Nilimwita shemeji fisi, kwa sauti ndogo. Mama mkwe akanitazama na hakunikataza.

Kisha tukamsikia mzee. "Mnasema mkono umekufa. Nileteeni ile gemu. Nikifika langoni kabla kwaya haijanyamaza, funguo zinabaki mfukoni mwangu na sitaki kusikia habari hii tena. Nikishindwa, nitaziweka chini mwenyewe."

Nafikiri walidhani ni utani.

"Na nitacheza na huyo wa Kabati," akamalizia.

Huyo wa Kabati ni mimi. Kifuniko cha sufuria kilinitoka mkononi.

Inafaa mjue jambo moja. Tangu niolewe katika boma lile, sijawahi kumpa mzee yule kitu mkono kwa mkono. Chai yake naiweka kwenye stuli, narudi nyuma, ndipo anaichukua. Akitaka kuniuliza kitu anamwambia mama mkwe, "Muulize kama kwao kumenyesha," na mimi niko pale pale namsikia. Si chuki. Kwetu Wakamba hiyo ni nthoni, heshima ya mkwe, na watu wengi siku hizi wameiacha, wanasalimiana makanisani mpaka wanakumbatiana. Yeye hakuiacha. Mimi pia nilikuwa nimeizoea, na nilijua kwa ile stuli kwamba ananiheshimu.

Sasa, nyaya za pedi za mashine ile ni fupi. Wachezaji wawili lazima wakae bega kwa bega kama watu wanaokula sahani moja.

Mama mkwe ndiye aliyetupatia njia. Alifunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kalenda, akatundika leso yake ya kujifunga katikati ya viti viwili. Kila mmoja wetu aliona televisheni, lakini hakumwona mwenzake.

Tulicheza Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwao, televisheni ikitumia sola. Ndugu walikaa nyuma yetu na sahani za isyo, mahindi na maharagwe, magotini, lakini sikusikia mtu akitafuna. Shemeji alisema redio ni kazi yake na mtu asiiguse. Aliiweka kwenye kiti karibu naye, akaingiza tepu, akafunika mfuniko wa mawe, zile betri za redio, kwa kidole gumba. Nikajisemea, huyu fisi atasogeza tepu mbele. Nilimkazia macho mpaka akatazama pembeni.

Kwaya ikaanza, nasi tukaanza kupanda.

Sikuwa nimewahi kucheza na mtu mzito namna ile. Mkono wa kushoto ndio unaoelekeza, na mtu wake wa kwenye gemu alikuwa akifika ukingoni, anasimama, anafikiri, ndipo anaruka. Vidole vyangu havijui kusubiri. Kabla sijajizuia nilikuwa nimepanda miamba mitatu, kioo kikanifuata, na nikaona kofia ya mtu wake ikizama motoni.

"Woi!" mama mkwe akasema nyuma yetu.

Nilisikia pumzi ya mzee tu, nzito, nyuma ya leso. Mtu wake akarudi, maisha yakiwa yamepungua, na mimi nikafanya tena vile vile. Haki ya Mungu sikukusudia. Kule Kabati mwenzangu akizubaa nampigia kelele, "Ruka! Ruka sasa!" Pale ningemwambia nani aruke? Nilitaka kulia kwa hasira, na hasira zenyewe zilikuwa juu yangu. Alikuwa amebakiza maisha mawili na hata daraja hatujaliona.

Ndipo nikajaribu kitu. Nilimfikisha mtu wangu ukingoni, nikamchuchumaza mara mbili. Yaani, ni hapa, mimi niko, njoo. Mtu wa mzee akakaa kidogo. Kisha naye akachuchumaa mara mbili, akaruka, akafika.

Kuanzia hapo tulipanda hivyo. Nachuchumaa, anajibu, anaruka. Nikikosea kusubiri, yeye anachuchumaa huko chini nami nasimama. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya kwanza na baba mkwe wangu bila mtu katikati. Jasho lilinishuka mgongoni na nilikuwa na furaha isiyo na maana, maana wimbo wa tatu ulikuwa umeshaanza na daraja lilikuwa bado mbali. Nilijua tumekwisha. Nimeona wangapi wakikwama hapo?

Tulivuka daraja. Nikangoja kusikia wimbo wa mwisho ukituaga, lakini ule wa tatu ulikuwa bado unaendelea. Tukapita mapangoni, bado unaendelea. Sauti za akina mama kwenye tepu zilikuwa zimeshuka, zinaburuta maneno, na zile besi zilikuwa zikilia kama ng'ombe aliyefungwa mbali na maji. Mimi redio yangu ya Kabati inatumia stima, haijawahi kunifanyia hivyo. Nilidhani ni masikio yangu na wasiwasi. Nyuma yetu watu walianza kusogeza viti mbele. Lango lilikuwa limeanza kuonekana juu ya kioo, na kwaya ilikuwa bado ikijivuta.

Kioo kikaganda. Mzee alikuwa amebonyeza kitufe cha kusimamisha.

"Mawe yamechoka," akasema.

Redio ikaendelea kuburuta.

"Baba, endelea tu," shemeji akasema. Sauti yake haikuwa ile ya kikao.

"Zima hiyo redio. Nimeuza mawe ya redio maisha yangu yote, nisijue sauti yake yakifa? Weka mengine."

Niligeuka kumtazama shemeji. Alikuwa amesimama, redio mkononi, amemtazama baba yake kama mtoto aliyekamatwa. Kisha akaingiza mkono katika koti la kanisani, akatoa mawe mapya, bado yamo ndani ya plastiki yake. Alikuwa nayo tangu tuanze. Aliyaacha mfukoni kwa makusudi na kuweka yaliyochoka, ili kwaya ijivute na baba yake apate muda, yeye aliyetaka funguo kuliko watu wote, na akaifunika redio kwa kidole ili mtu mwingine asije akayabadilisha. Sikujua niuweke wapi uso wangu. Mzee alingoja tu mpaka mfuniko ukarudi.

Kwaya ikaruka juu, kali, haraka, kama watu waliochelewa. Wimbo wa mwisho ukaingia.

Tulikimbia. Nachuchumaa, anajibu, anaruka. Yeye sasa alikuwa hafikiri tena ukingoni, alikuwa akiruka kama alivyokuwa akiruka wakati mume wangu ni mtoto. Mwamba wa mwisho ni mpana, unataka ukandamize kushoto bila kuachia. Mimi nilivuka, nikasimama. Yeye akaruka, akapungukiwa, akaangukia mwamba wa chini. Akaruka tena, akapungukiwa tena. Moto ulikuwa umegusa viatu vyake. Nilichuchumaa, nikachuchumaa, nikachuchumaa. Baba, niko hapa. Akaruka, na safari hii mikono ya mtu wake ikashika ukingo.

Tak!

Alikuwa bado ananing'inia. Kisha, taratibu, mzee akampandisha mtu wake, akamtembeza mpaka kando ya wangu, lango likafunguka na wafungwa wetu wakatoka, bila kwaya.

Nilisikia funguo kabla sijaziona. Alizitoa mfukoni, akaziweka kwenye benchi lililobeba mashine, akaondoa mkono wake.

Shemeji hakuzichukua. Mume wangu alitazama sakafu. Mama mkwe alianza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Funguo zilikaa pale na sote tukazikwepa kwa macho, na mimi nilikuwa nimeumia kiasi kwamba nilitaka kuipiga teke ile mashine mpaka Kabati.

"Hodi! Duka limefungwa?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, upande wa barabarani, akigonga bati la mlango kwa sarafu. "Jamani, nataka sukari tu!"

Hakuna aliyeinuka. Akagonga tena.

"Mwiitu wakwa," mzee akasema.

Binti yangu. Nilitazama nyuma kuona anamwambia nani, na nikaona wote wananitazama mimi.

"Kuna mtu dukani," akaendelea, nyuma ya leso. "Mkono wangu umechoka. Nifungulie."

Nilizichukua funguo pale benchini. Zilikuwa na joto la mfuko wake. Nilizunguka nyumba kwa mbio, maana nilijua nikipunguza mwendo nitalia mbele ya mteja. Kufuli la duka lile ni kubwa, la chuma, linaning'inia kwenye mnyororo, na kila mtu analifungua kwa mikono miwili, mmoja unashika na mwingine unazungusha. Nami nililishika hivyo hivyo.

Hapo ndipo nikaona ndoano. Ilikuwa ya msumari mnene uliokunjwa na kupigiliwa kwenye fremu, kimo cha kiuno, umesuguliwa mpaka unang'aa. Nililiachia kufuli, nikalitundika pale. Lilikaa tuli kama limeshikwa na mtu. Nikazungusha funguo kwa mkono wa kulia peke yake, na kufuli likafunguka bila shida yoyote. Kumbe mzee alishajitengenezea mkono wa pili.

"Mama, kwani kuna nini?" mteja akaniuliza. "Sukari iko ama haiko?"

"Umefungua?" Mzee alikuwa akiniita kutoka sebuleni, mimi mwenyewe, kwa sauti yake ya kuita.

"Nimefungua, baba," nikajibu, nikaingia kumpimia yule mama sukari yake.