Phelesia na Filta ya Pikipiki

Phelesia Nyakerario aliendesha pikipiki kwa namna ya kuudhi. Hakuwa mzembe, la. Aliendesha vizuri kuliko mimi, na hilo ndilo lililoniudhi. Mwaka wa 1996 sote wawili tulikuwa tukichanja ng'ombe katika mradi mmoja mjini Migori, na mradi ulikuwa na pikipiki moja tu ya maana, ile ndefu ya kupanda milima na kuvuka mito. Nilikaa nayo miaka miwili. Kisha mkubwa wetu, Bwana Nicanor Omanga, akampa Phelesia, kwa kuwa eneo lake lilikuwa kubwa, kutoka Ntimaru hadi Muhuru Bay. Mimi nikapewa baiskeli.

Ungemwona! Gambuti miguuni, sketi ndefu juu ya suruali, maana Mwadventista wa kweli, alisema, haendi kwa watu na suruali tupu. Nyuma amefunga sanduku la barafu lenye chanjo. Wazee wa Ntimaru walionificha ng'ombe wao walimletea yeye hata mafahali wakorofi.

Ila injini ilimfia mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza Sori, mara ya pili njia ya Ntimaru, akaisukuma kilomita sita. Mara zote mbili fundi alikuta vyuma vimelika. Ofisini watu wakapata la kusema: mwanamke hajui gia, mwanamke anaipa mafuta kupita kiasi. Sikuwakanya. Ijumaa moja Bwana Omanga akamwita. Jumatatu airudishe pikipiki kwangu, ikiwa na oili mpya na filta mpya. Yeye atakaa ofisini ajaze rejista. Phelesia alitoka macho mekundu. Kumfungia mtu kama yule ndani ya rejista ni kumzika akiwa hai. Niliona haya kidogo, lakini jioni hiyo hiyo nikaanza kutafuta miwani yangu ya vumbi.

Jumamosi ni Sabato, hakuna kununua kitu. Jumapili maduka mengi ya spea yamefungwa, isipokuwa la Kaltum, mjane wa Kisomali aliyejua spea kuliko mafundi waliomzunguka. Tuliisukuma pikipiki hadi pale, oili imeshamwagwa na filta imeshatolewa. Nilisema namsindikiza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakagua mali yangu.

Huku kwetu spea hainunuliwi kwa jina wala kwa namba. Unakwenda na ile iliyochakaa, unaiweka juu ya kaunta, unaomba nyingine kama hiyo. Ndiyo sampuli yako, au sampo, kama tunavyoiita. Phelesia akaifungua filta kuukuu kutoka kwenye gazeti.

"Kama hii, mama."

Kaltum aliipima kwa vidole. "Hii sampo imetoka pikipiki gani?"

"Si hiyo hapo nje?"

"Wallahi, hapana. Ngoja nilete spana."

Akafungua kifuniko kidogo ubavuni mwa injini, akairudisha ile filta kwenye tundu lake na kuisukuma kwa kidole. Ilicheza kama jino la mtoto. Akaleta nyingine, ndefu kidogo, upana wa ukucha tu. Hiyo iliingia ikatulia.

"Hiyo yako ni fupi," akasema. "Oili inapita kando, haichujwi, inabeba uchafu yote mpaka juu. Hata uendeshe kama unabeba bibi harusi, injini itakufa tu."

"Lakini mimi nanunuanga na sampo kila wakati!"

"Na hiyo sampo ya kwanza ulitoa wapi?"

"Niliikuta ndani."

Phelesia akanigeukia. Mimi nikatazama barabara. Niliikumbuka vizuri sana siku ile: Homa Bay, wiki chache kabla ya pikipiki kwenda kwa Phelesia, nimetoka kwenye semina, sampuli nimeisahau mezani hotelini pamoja na miba ya samaki. Nikanunua kwa macho. Ikaingia, nikaondoka zangu. Tangu hapo Phelesia, kwa uaminifu wake wote, alikuwa akilinakili kosa langu.

"Pengine ni fundi," nikasema. Uongo mtupu.

Jumatatu, mimi nimesimama kando, Phelesia alipanga juu ya meza ya Bwana Omanga ufunguo wa pikipiki na filta mbili, ile fupi na ndefu aliyonunua ya akiba, akamweleza yote. Mzee akazigeuzageuza.

"Ni kweli, hii ni fupi. Lakini ni wewe umekuwa ukinunua. Nani aliweka ya kwanza?"

"Niliikuta ndani, sir."

"Hiyo si jibu, Phelesia." Akausukuma ufunguo upande wangu. "Mayaka, chukua."

Ulikuwa karibu na kidole changu. Mwaka mzima nilikuwa nikiutamani. Phelesia hakunitazama, alikuwa akiitazama mikono yake, ile inayoshika pembe za mafahali, ambayo kuanzia siku hiyo ingeshika kalamu. Nikaurudisha ufunguo katikati ya meza.

"Ni mimi, sir," nikasema. "Nilinunua Homa Bay. Sikuwa na sampo."

Bwana Omanga alinikaripia mpaka karani wa chumba cha pili akaacha kupiga chapa. Alipochoka, akauchukua ufunguo na kumpa Phelesia mkononi. Tulitoka pamoja. Karibu na mlango wa nje akasimama.

"Yawa, jamani Mayaka," akasema polepole. "Tangu jana nilikuwa nakungoja tu useme."

Nilimfungulia mlango, akapita.